Pawabenki ya miliampea 26,800: nyumbani inafaa, kwenye ndege ni kesi

Kwa mwenye haraka: inunue, lakini ipime uzito kwanza, na kama unasafiri kwa ndege linda maandishi ya nyuma yake kama unavyolinda kadi ya uchaguzi. Mwenye nafasi asome mpaka mwisho, maana kifaa chenyewe ni kizuri. Kinachokiharibia jina ni mambo ya nje.

Mimi ni fundi wa video za harusi, nakaa Katuba, hapa Lubumbashi, Kongo. Jumamosi yangu inaweza kuanzia Ruashi kwenye mahari na kuishia ukumbini, komini ya Kenya (ya hapa mjini, si nchi), saa nane za usiku, na katikati hapo umeme unaenda na kurudi unavyojisikia wenyewe. Betri za kamera ninazo. Nilichokosa ni kitu cha kulisha simu mbili, taa ndogo ya mkononi na kisanduku cha intaneti cha nyumbani, ambacho kikizima watoto wananigeukia mimi kana kwamba swichi ya mtaa iko mfukoni mwangu.

Niliipata katika duka dogo mjini, si mbali na soko kuu. Jina lililochapwa juu yake silitaji, halina maana: plastiki ile ile, matundu yale yale, duka la tatu kutoka hapo wanaiuza kwa jina lingine. Utaitambua hivi: nyeusi, upana wa kiganja, matundu mawili ya USB ya kawaida na moja la USB-C, kioo kidogo cha asilimia, tochi pembeni. Muuzaji alianza na dola 45. Tulivutana mpaka 35, nikatoa dola 20 na zilizobaki nikazimalizia kwa franka.

Kazi inafanya. Simu yangu yenye betri ya miliampea 5,000 (kwa kirefu ni miliampea-saa) inajaa karibu mara nne, kisha kioo kinaonyesha sifuri. Hapa ndipo wengi wanapoanza kulia kwamba wameibiwa, kwa sababu wanagawa 26,800 kwa 5,000 na kupata tano na zaidi. Hesabu haiendi hivyo. Namba hiyo kubwa imepimwa kwa volti 3.7 za seli za ndani, na ili umeme utoke kwenye tundu la USB lazima upandishwe hadi volti 5, na katika kupandishwa kuna unaopotea kama joto. Mara nne ni matokeo ya haki kabisa. Kisanduku cha intaneti, kwa kebo ya kupandisha hadi volti 12 ambayo nilinunua pembeni, kinakesha nayo tangu saa moja ya jioni hadi tunapoamka. Ukichaji simu mbili kwa pamoja inapata joto la wastani, si la kutisha.

Ubaya wake mkubwa wa nyumbani ni kuijaza. Kwa chaja ya kawaida ya wati 10 inataka usiku kucha, na huku kwetu usiku kucha wenye umeme ni zawadi. Umeme ukija saa tatu tu, inapata kama robo. Tafuta chaja ya wati 18, utapata karibu nusu kwa muda huo huo.

Sasa tuje kwenye namba. Kwa nini 26,800? Kwa nini si 40,000, ambayo ingenifaa zaidi mimi ninayelala gizani? Zidisha 26,800 kwa 3.7, gawa kwa elfu moja: unapata wati-saa 99.16, yaani kiasi cha umeme wote uliomo. Na kanuni za kimataifa za usafiri wa anga, zile zinazotoka ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, zinamruhusu abiria kubeba betri ya akiba ya lithiamu isiyozidi wati-saa 100 bila kuomba kibali. Kati ya 100 na 160 unahitaji kibali cha kampuni ya ndege, na mwisho ni mbili. Juu ya 160, acha nyumbani. Ndiyo maana hata betri zangu kubwa za kamera zimeandikwa 95, 98, 99. Sio hesabu ya giza la Katuba, ni hesabu ya ndege. Muuza nyanya ambaye hajawahi kupanda ndege ananunua betri iliyokatwa kwa kipimo cha ndege, na swali la kwanza analouliza dukani ni lile lile la wote: "Hii inapita ndege?"

Wenye maduka wamelielewa swali hilo kuliko waliotunga kanuni. Muuzaji wangu, kabla hatujaelewana bei, alinionyesha nyingine iliyoandikwa 50,000. "Elfu makumi tano, yaya, na iko nyepesi!" (Yaya kwetu ni kaka.) Alisema kana kwamba wepesi ni sifa. Jirani yake anauza sukari ya kupima, nikaomba mizani. Ile ya 50,000 ilisoma gramu 310. Hii ya 26,800 ikasoma 560. Seli ya duara ya aina ya 18650, ile inayojaa ndani ya vifaa hivi, ina uzito wa gramu 45 hadi 50, na iliyo bora sokoni haizidi sana miliampea 3,500. Ili ufikishe 50,000 unahitaji seli 15 hivi, yaani gramu 700 kabla ya plastiki. Gramu 310 zile zilikuwa za nini, Mungu anajua. Nilipomwambia, hakukasirika. Akacheka, akafungua droo na kunionyesha karatasi ya stika: kuna za 50,000 kwa wanaotaka nguvu ya nyumbani, kuna za 20,000 kwa wanaosafiri. Sanduku ni moja.

Yaani kikomo kilichowekwa ili tujue kilichomo ndani ya betri kimezaa biashara ya kuficha kilichomo ndani ya betri. Hilo ni la kwanza.

Nisieleweke vibaya, kanuni yenyewe si ujinga. Tarehe 3 Septemba 2010 ndege ya mizigo ya UPS, Boeing 747, iliwaka moto ikiwa na shehena ya betri za lithiamu na kuanguka Dubai. Marubani wake wawili walikufa. Kuanzia tarehe 1 Aprili 2016 ICAO ilizuia betri za lithiamu-ioni zinazosafirishwa peke yake kama mzigo ndani ya ndege za abiria. Na pawabenki inatakiwa kukaa na wewe juu, haitakiwi kwenda ndani ya begi linaloingia tumboni mwa ndege, kwa sababu inayoeleweka: gesi ya kuzimia moto iliyoko kule chini inaua miali, lakini haipozi betri iliyoanza kujichoma yenyewe kutoka seli moja hadi nyingine. Juu kuna watu wenye macho na maji. Tarehe 28 Januari 2025 ndege ya Air Busan iliungua Korea Kusini ikiwa bado chini, moto ukianzia kwenye kabati la juu la mizigo, na wachunguzi wakaielekea pawabenki. Abiria wote na wahudumu walitoka hai. Moto ule ule, angani, tumboni mwa ndege, ungekuwa habari nyingine.

Kwa hiyo kanuni ya maana ni moja: kaa nayo mkononi. Tatizo ni zile zilizopandikizwa juu yake.

Katika kiwanja kimoja cha ndege cha nchi yetu, ambacho sikitaji, nilikaguliwa pawabenki hii na meza tatu ndani ya umbali wa kutupa jiwe. Kijana wa kwanza aliigeuza, akasoma 99.16, akanirudishia. Safi. Hatua chache mbele, sare nyingine, mwingine akaitoa tena, akasoma mbele badala ya nyuma.

"Elfu makumi mbili na sita! Na sheria inasema mia moja."

"Shefu, hiyo ni miliampea. Wati-saa ziko huku nyuma."

"Hiyo namba ndogo. Namba kubwa ndiyo ya kweli."

Nikamwambia mwenzake wa meza ya kwanza ameshaikagua. Akajibu kwamba ya kule ni ya kule. Na kusema kweli hakudanganya: wale wana karatasi yao, hawa wana yao, kampuni ya ndege ina yake, na zote tatu zinazungumzia betri ile ile bila moja kujua kwamba nyingine ipo. Wa meza ya tatu hakuuliza namba. Aliuliza kama sikuwa na kitu cha maji, yaani hongo ndogo. Aliyeniokoa ni baba mmoja wa makamo mwenye miwani, aliyetoa simu yake, akazidisha mwenyewe, akasema "iko sawa, pita," na kurudi kwenye kiti chake. Ningejua jina lake ningemwandikia barua ya shukrani.

Kilichotokea kwenye mstari wa kupima mizigo ndicho kilichonifanya niandike. Mbele yangu alikuwa mama mmoja mfanyabiashara anayepeleka vitenge Kinshasa na kurudi na viatu. Aliona yangu mkononi, akanionea huruma.

"Baba, hiyo utainyang'anywa. Mimi yangu iko huku." Akapiga begi lake kubwa kwa kiganja, pale kati, kwenye vitenge na vinkubala (viwavi vya kula) vya dada yake.

Nikamweleza habari ya moto. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akanipa jibu ambalo sijapata la kulipinga: "Nikiibeba mukononi wanaikamata. Ndani ya begi hakuna anayeuliza." Mara moja walishamchukulia nyingine, nzima, ya dola 25. Na mwenye kupima mizigo kweli aliuliza swali lake, "hakuna kitu ya hatari?", akiwa ameinama kwenye mashine, na mstari mzima ukaitika "hakuna" kama kwaya.

Nikamwomba tuiangalie. Tukafungua zipu. Ilikuwa ya miliampea 20,000, ndogo, wati-saa 74, halali kabisa, ingepita bila shida. Isipokuwa maandishi yalikuwa yamefutika kwa jasho la mikono, nyuma imebaki nyeusi tupu. Betri isiyosomeka haipiti juu. Chini hairuhusiwi. Sheria ilikuwa imemwachia mama huyu njia mbili, kuipoteza au kuificha, na kila meza mpya inayoongezwa pale mbele inamsukuma zaidi kwenye ile ya pili. Ukaguzi unaorudiwa mara tatu juu unajaza betri chini, mahali pekee ambapo meza zote tatu zinakubaliana kwamba betri hazitakiwi kuwepo.

Bahati, mtoto wa ndugu yake aliyemsindikiza alikuwa bado nje. Tulimwita, akaichukua kurudi nayo nyumbani. Mama alikubali shingo upande, na alinikumbusha njiani yote kwamba simu yake ilibaki na asilimia tisa.

Si sisi peke yetu tunaolimbikiza sheria. Ukiingia chooni ndani ya ndege, angalia mlango: kuna kisahani cha majivu ya sigara, na juu yake picha ya sigara iliyokatwa mstari. Watu wanacheka. Lakini hicho nakitetea. Tarehe 11 Julai 1973 ndege ya Varig ilishika moto ikikaribia Paris, moto ulianzia chooni nyuma, wakafa watu 123. Kinachoshukiwa ni sigara iliyotupwa kwenye pipa la karatasi. Atakayevunja sheria atavunja, afadhali awe na pa kuizimia. Kisahani kile kina kazi. Kisicho na kazi ni hiki: mwezi wa pili 2024 kampuni ya United ya Marekani ilibidi isimamishe kwa muda ndege zake mpya za Airbus A321neo, kwa sababu taa ya "usivute sigara" ilikuwa inawaka muda wote. Kanuni ya zamani ilidai marubani waweze kuiwasha na kuizima, iliandikwa wakati kuvuta kulikuwa na saa zake. Marekani imeshapiga marufuku sigara katika safari zake zote za abiria tangu 2000, kwa hiyo hakuna saa ambayo rubani angeizima. Mpaka mamlaka ya anga ilipotoa ruhusa maalumu, ndege mpya zilikaa chini kwa kosa la kukataza sigara kupita kiasi. Hakuna aliyeungua, nakubali. Ila mtu akizoea kuona kanuni kama hiyo ikimsimamisha, atajuaje kwamba ile ya betri ni ya kweli?

Tulipofika N'djili, kiwanja cha ndege cha Kinshasa, mizigo ilichelewa. Niliitoa pawabenki yangu, mama akachomeka simu yake, mimi yangu, na mkanda ulipoanza kuzunguka simu yake ilikuwa imevuka nusu. Alilala na namba yake ikipatikana. Hapo ndipo alipouliza bei.

Kwa wafanyabiashara wanaokwenda mbali, angalizo mbili. Tangu tarehe 1 Oktoba 2025 Emirates wanaruhusu pawabenki moja kwa abiria, chini ya wati-saa 100, na huruhusiwi kuitumia ndani ya ndege. Hii inaingia, ila usiichomeke. China ni kisa kingine. Tangu tarehe 28 Juni 2025 ndege zao za ndani hazipokei pawabenki isiyo na alama ya 3C (alama ya usalama ya China) inayosomeka, na alama hiyo ni ya vifaa vinavyouzwa kwao. Hii yetu nyuma imeandikwa imetengenezwa China, lakini ni ya kuuzwa nje, alama haina. Ukifika nayo Guangzhou na unataka kuunganisha ndege kwenda Yiwu, itakamatwa katika nchi ilikozaliwa. Panda treni, au inunue nyingine kule kule. (Kobalti, madini ya kwetu Kolwezi inayoingia kwenye betri nyingi za aina hii, inapita mpaka wa Kasumbalesa juu ya malori, mchana kweupe, na sijasikia mtu akiiuliza wati-saa.)

Kasoro zilizobaki. Maandishi ya nyuma ni ya kijivu juu ya nyeusi, madogo, na yalianza kufifia mapema. Nimeyapaka rangi ya kucha isiyo na rangi ya mke wangu, tabaka mbili, mpaka leo yanasomeka. Fanya hivyo siku ya kwanza kabla hujatoka nayo. Piga na picha ya maandishi hayo ikae kwenye simu, ingawa meza ya pili hawaamini picha. Tochi ni dhaifu, inatosha kutafuta ufunguo tu. Kioo cha asilimia kinadanganya kidogo chini ya kumi: kinasema saba, mara kinazima. Nami nilijaribu pia kuuliza habari ya kibali kwa ile iliyo kubwa kuliko hii, ya 30,000, ambayo ni wati-saa 111 na kwa kanuni inawezekana. Kaunta ilinituma ofisini, ofisi ikanirudisha kaunta. Kwa hiyo kwa vitendo kikomo ni 100, ile ya 160 ipo kwenye karatasi.

Kama husafiri kwa ndege kabisa, usilipe dola 35 kwa hii. Kwa pesa hiyo mafundi wa betri watakufungia seli za zamani za kompyuta kwenye sanduku kubwa zaidi, baya kwa sura lakini lenye nguvu ya siku mbili. Hakikisha tu wameweka kidhibiti cha kuzuia kujaa kupita kiasi, na usiiweke chini ya kitanda. Kama unasafiri, chukua hii, ukishaipima kwa mizani ya muuza sukari. Kebo iliyomo ndani ya boksi ni fupi na inalegea, iache hapo hapo dukani.